Sahani Zilizopanda Darini

Mtu pekee katika mtaa wetu wa Kisangani aliyewahi kuuona kwa macho msikiti wa mababu wa Waislamu alikuwa mimi, na mimi ni Mkatoliki, tena Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Waislamu wenyewe, vitukuu vya watu waliokuja huku na misafara, walijiita watu wa Pwani bila haya yoyote. Walikuwa na kofia za Pwani, pilau ya Pwani, na namna ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito, ambayo waliapa kwamba nayo ni ya Pwani. Bahari hakuna aliyeiona. Maji makubwa waliyoyajua ni mto, kama sisi wote.

Mimi niliiona kwa sababu sijui kukaa. Nilizaliwa kijiji cha mtoni upande wa Yangambi, nikaacha shule kabla ya sekondari. Sikufukuzwa. Dirisha la darasa lilitazama mto, na kila mashua iliyopita ilikuwa inakwenda mahali ambapo mwalimu hakuwahi kupataja. Tangu hapo nimepakia mihogo, nimeendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, nimelala juu ya magunia ya makaa na chini ya malori. Safari moja ilianza kwa kumsaidia dereva kubadilisha gurudumu na ikaishia Kilwa, kusini mwa Tanzania, ambako sikuwa nimepanga kwenda kwa sababu sikujua kama kupo.

Huko nilipata kibarua cha kung'oa majani kwenye magofu ya msikiti mkubwa. Mlinzi wa magofu alikuwa mtu mkavu, hakunisalimu isipokuwa wageni walipokuwepo, lakini alipowaeleza wageni nilikuwa nang'oa majani karibu nao, polepole sana, jani moja kwa maelezo mazima. Ndivyo nilivyosoma. Nilijua kwamba msikiti ulianza na jumba dogo upande wa kaskazini, dari yake bapa. Mji ulipotajirika kwa dhahabu iliyopitia hapo, wakaongeza jumba kubwa upande wa kusini, likaanguka, wakalijenga tena, lenye nguzo za pembe nane na safu za kuba, karne nzima kabla Mreno yeyote hajafika. Mawe yalikuwa matumbawe, yaliyokatwa baharini yakiwa bado laini kama jibini. Chokaa ilikuwa matumbawe hayo hayo, yamechomwa. Penye maji ya kutawadhia palikuwa na mawe ya mviringo ya kusugulia nyayo. Nilisugua zangu kila jioni. Nadhani sijawahi kuwa na miguu safi kama mwaka ule.

Kisha nikarudi Kisangani, kwa sababu ile ile iliyonipeleka, yaani hakuna.

Upepo wa mvua ulipong'oa mabati ya msikiti wa mtaani, nilikuwa nimepata kazi kwa fundi mwashi aliyekuwa pia mwadhini. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na kifua chake. Mimi nilimchanganyia saruji, yeye alijenga, na tulipokuwa tunapumzika nilimhadithia Kilwa. Nilimhadithia kama mtu anavyohadithia ndoto, sikutarajia lolote. Siku moja aliweka mwiko chini akasema, "Mutoto yangu, haya maneno imamu lazima asikie."

Nikaitwa mbele ya kamati. Walikaa juu ya mikeka ndani ya msikiti usio na paa, imamu juu ya kiti cha plastiki. Imamu alikuwa kijana kuliko wanakamati wake wote na hilo lilimfanya akohoe mara mbili kabla ya kila swali.

"Bon, Mukristo," akaanza. "Nguzo ziko namna gani?"

"Za pembe nane, shehe."

"Zote?"

"Zilizobaki."

"Na munara?"

"Hakuna mnara."

Msikiti wetu haukuwahi kuwa na mnara, na majirani wenye kengele ya kanisa walikuwa wamewatania kwa hilo tangu zamani. Fundi alikuwa akiadhini akiwa amesimama juu ya pipa.

"Kabisa hakuna?" akauliza imamu.

"Hakuna. Kuna ngazi ya kupanda juu ya paa, basi."

Fundi alipiga paja. "Munaona! Miaka yote wanatucheka, kumbe sisi ndio tulikuwa sawa! Pipa yangu iko Kilwa kabisa!"

Kuanzia hapo sikuwa tena kibarua, nilikuwa shahidi. Nikaeleza upinde wa mihrabu. Nikaeleza kuba kwa kugeuza kibuyu cha maji, nikamwaga maji juu ya mkeka, wakanisamehe. Imamu aliuliza ndani ya kuba walitia nini. Nami nikajibu vile mlinzi alivyokuwa akiwajibu wageni, neno kwa neno: "Kwenye baadhi ya kuba walitia sahani na bakuli, zimezama ndani ya chokaa, zinatazama chini."

"Sahani za kula?"

"Za kula. Za kaure. Zilitoka Uchina."

Nje, mlangoni, alikuwa amesimama mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja kujua saruji yake ishushwe wapi. Alikuwa Mkatoliki kama mimi, ila yeye wa kila Jumapili, na duka lake la jumla lilikuwa linauza kila kitu kisichooza. Akaingiza kichwa.

"Chine? Wazee wenu walikuwa wananunua sahani Chine?"

"Ndiyo, patron," nikasema. "Meli zilizileta."

"Sasa si ndiyo kazi yangu!" Akavua viatu, akaingia bila kualikwa. "Mimi nimefika Guangzhou mara ngapi! Zile sahani za wamama wa musikiti, za bati, za maua ya buluu, nani alizileta? Mimi! Pindueni chini muangalie, iko imeandikwa Chine!"

Wanakamati wakatazamana. Nilikuwa nimeshaona nyuso za namna hiyo kwa watu waliochimba choo wakakuta almasi.

Sahani hizo zilikuwa zikiwekwa ndani ya kasha la bati nyumbani kwa fundi, kwa sababu mkewe ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Wanawake wa msikiti walizinunua kidogo kidogo, kila mmoja yake, na kila mmoja alikwaruza alama yake kwa msumari ukingoni mwa sahani, upande wa maua: msalaba hapana, lakini nyota, samaki, kitana, herufi moja. Ndizo zilizolisha arusi, Maulidi na hitima zote za mtaa. Wenye alama wengine walikuwa wamekufa, sahani zao bado zinazunguka na wali. Mke wa fundi wakati huo alikuwa Isangi, kwa binti yake aliyejifungua, na ufunguo wa kasha alimwachia mumewe.

"Bibi yangu atafurahi," akasema fundi. "Sahani zake zitaonekana na kila mutu anayeswali."

"Tumuulize kwanza," akasema imamu.

"Shehe, mutu anauliza bibi yake kama apeleke sahani peponi?"

Imamu alikohoa mara mbili, lakini safari hii hakikufuata kitu.

Matumbawe Kisangani hakuna, kwa hiyo tukatumia matofali ya kuchoma. Pesa ya mbao za kushikilia kuba wakati wa kujenga haikuwepo pia, na hapo ndipo fundi alipopata wazo ambalo mpaka leo silioni likiwa na kosa, ingawa kila mtu aliyelisikia alicheka. Tukajaza msikiti udongo. Waendesha toleka wote wa mtaa walileta udongo kutoka ukingoni, gunia moja nyuma ya kila baiskeli, tukaumwaga ndani ya chumba cha mbele mpaka ukapita juu ya kuta. Kisha fundi akauchonga kwa ubao, ukawa mviringo kama kichwa cha mtu aliyezikwa akiwa amesimama. Juu ya kichwa hicho tungejenga kuba, na kuba likikauka tungechimba udongo na kuutoa kupitia mlangoni.

Mvua ilinyesha katikati ya kazi hiyo, na kwa muda msikiti ulikuwa kilima chenye kuta. Waumini waliswali uani. Lengalenga, mchicha wa kwetu, ziliota upande wa kibla. Mbuzi wa jirani alijua njia ya kupanda na akawa anasimama kileleni saa ya adhana, na baadhi ya watu walianza kusema kwamba ndiye anayeadhini.

"Eh, papa fundi!" mama mmoja muuza samaki alimwita kutoka barabarani. "Munalima ao munaswali?"

"Tunalima mbingu, mama! Ngoja mavuno!"

"Basi utanipimia kikombe!"

Kibla tu hatukuiga. Kilwa waliswali wakitazama kaskazini, lakini kutoka kwetu Makka iko kaskazini na kupinda kwenda mashariki, na imamu alisema kuiga nako kuna mwisho wake.

Siku ya sahani, fundi alipanda kilima akiwa na kasha, mimi nyuma yake. Alizipanga moja moja juu ya udongo, uso chini, mgongo juu, kwa miduara inayopungua kuelekea kileleni. Kila aliyoishika aliipindua kwanza akasoma alama. "Hii ya marehemu dada yangu. Hii ya yule aliyekwenda Bunia hakurudi. Hii ya bibi yangu, angalia, alichora jicho." Ya jicho aliiweka kileleni kabisa. Kisha tukamwaga saruji juu ya migongo yake, tukapanga matofali, na kuba likafunga.

Tulipochimba udongo kuutoa, ilikuwa kama kuzaliwa kwa kitu kinyumenyume. Tofali hatukuliona. Kwanza ilitokea sahani moja, ya jicho, ikitazama chini na maua yake ya buluu. Halafu mduara wa kwanza. Wanakamati walisimama ndani ya udongo mpaka magotini, midomo wazi, na fundi alilia kidogo, akisema ni vumbi.

Mkewe alirudi siku ambayo tulikuwa tunafagia. Alikuwa mama mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu anayebeba beseni kichwani hata asipokuwa nalo. Alisimama mlangoni na mzigo wa kwanga, ile mikate ya muhogo, mkononi. Akatazama sakafu, mihrabu, nguzo mbili za pembe nane ambazo moja ilikuwa ya pembe saba kwa kosa langu. Halafu akatazama juu.

"Papa," akamwambia mumewe, "ile ni nini?"

"Ni musikiti."

"Ile ya juu."

Fundi akatafuta neno. "Ni historia."

"Historia iko na jicho yangu?"

Mimi nilifagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiwa.

"Bon," akasema mama. "Mutu akifa kesho, watu wanakulia nini?"

"Nani atakufa? Nitaleta zingine, mama. Patron atanunua safari yake inayokuja. Mpya."

"Mimi sikuomba mpya," akasema, akaondoka na kwanga zake. Lakini jioni alimpelekea mumewe chakula kazini, na nilimwona akilala chali kwenye mkeka wa mbele, peke yake, akizitazama. Nadhani alizipenda. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Msikiti ukawa jambo la mji. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mto kulala chali. Walikuja wake za askari wa kambi ya Kapalata, na mmoja aliuliza kama sahani ni za malaika na kama wanakula saa ngapi. Mfanyabiashara wa Butembo alileta wateja wake na kuwaonyesha bidhaa darini. "Ile pale, safu ya pili, nitaleta zingine," alisema. Aliacha kwenda Guangzhou mwaka huo kwa sababu ya mambo ya viza, kwa hiyo sahani mpya hazikuja. Fundi alisema zitakuja. Aliadhini sasa kutoka juu ya paa, kando ya kuba lake, na pipa lake la zamani lilirudi kuwa pipa.

Alikufa mchana mmoja akiwa ameketi, baada ya kula ndizi za makemba, kwa presha. Alikuwa ananieleza kosa langu la ile pembe ya nane. Aliinua kidole kuonyesha mahali tofali lilipotakiwa kwenda, na kidole kikabaki kimeinuka kwa muda kabla sijaelewa.

Mazishi ya Waislamu ni ya haraka, na siku hiyo watu walikula mikate mkononi. Hakuna aliyefikiria sahani. Arobaini ndiyo iliyokuja na taabu. Siku ya arobaini husomwa hitima, na mtaa mzima hula, Waislamu na sisi wengine. Mama yule alikuwa ameandaa hitima za waume wa wenzake wote. Alipika yeye, alipakua yeye, kwa sahani zile. Sasa ilikuwa zamu ya mume wake, na sahani zilikuwa zimekamatwa na saruji juu ya kichwa cha imamu.

Aliiita kamati, badala ya kamati kumwita. Alikaa katikati ya mkeka, chini ya sahani yake ya jicho, amevaa nguo nyeupe za eda.

"Ninataka sahani zangu," akasema.

Imamu alikohoa. "Mama, kitu ikishaingia musikitini imekuwa ya Mungu."

"Mungu alikuomba sahani?"

"Hapana."

"Nani aliomba?"

Kamati yote ikanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kama Mkatoliki anavyopaswa.

"Na nani alizitoa?" mama akaendelea. "Mume yangu. Zilikuwa zake? Zilikuwa za wamama. Mutu anaweza kupatia Mungu kitu ya mutu mwingine?"

Imamu akainamisha kichwa. Nilimheshimu kwa hilo. Alikuwa amesoma, na alijua kwamba yeye amekosea na mama amesema kweli. "Kisheria iko sawa," akasema polepole. "Lakini mama, tukizitoa kuba inaanguka. Fundi hayuko. Nani anajua alizifunga namna gani?"

Hapo mlango ukajaa watu wenye nia njema. Mfanyabiashara wa Butembo alileta sahani za plastiki, nyekundu, zenye picha ya mchezaji mpira, akaomba zipokewe kama rambirambi. Mama aliipokea moja, akaikunja kwa mkono, ikakunjika.

"Wali ya moto ikiingia hapa, patron, itakuwa supu ya plastiki."

"Basi mama, nitaongea na paroko. Parokia iko na sahani nyingi, ngumu kabisa."

"Zile za msalaba katikati?"

"Msalaba kidogo tu. Ukipakua, wali inafunika."

"Na mutu akimaliza kula?"

Patron akafikiri. "Asimalize."

Mzee mmoja wa kamati alisema kwamba majani ya mangungu yapo, watu wa mtoni wanakulia majani na hawafi. Mama hakupandisha sauti.

"Tonton, hitima ya ndugu yako ulikulia nini?"

"Sahani."

"Ya nani?"

Mzee akatazama juu, akatafuta, akaonyesha kwa kidevu. "Ile. Ya samaki."

"Na mume yangu, mwenye alijenga hii nyumba, wamukulie kwenye majani kama mutu alikufia njiani?"

Mzee alianza kukohoa namna ya Pwani, akakoma. Wote walikuwa wanatazama juu. Kuba lile lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kujenga, na kila mmoja alikuwa anapima kichwani mwake kati ya kuba na mjane. Niliona kwamba mjane angeshindwa. Hawakumchukia. Walikuwa na hofu ya matofali, na hofu ya matofali ina heshima zake.

Nikasema, "Shehe, Kilwa sahani hazipo."

"Hazipo nini?"

"Sahani. Kwenye kuba. Hazipo."

Imamu alishuka kwenye kiti chake. "Wewe mwenyewe ulisema ziko!"

"Nilisema walizitia. Mlinzi alisema hivyo. Mimi nilichoona ni mashimo ya mviringo, yanayotosha sahani, moja hapa moja pale. Zilishatolewa zamani."

"Sababu gani hukusema?"

"Mliuliza walitia nini. Hamkuuliza nini kimebaki."

Mfanyabiashara wa Butembo alishika kichwa. "Kwa hiyo sisi tumejaza sahani kwa sababu ya mashimo?"

"Ngojeni," akasema mama. Alikuwa amenigeukia. "Na kuba? Kuba ya huko, yenye mashimo, iko imesimama?"

"Nyingine zilianguka, kwa miti iliyoota juu na kwa kukosa matunzo. Lakini zile zenye mashimo nilizofagia chini yake, zimesimama. Karne na karne."

"Bila sahani."

"Bila sahani, mama."

Imamu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: alicheka, kicheko kirefu cha kijana, na hakukohoa hata mara moja. "Basi hatujamaliza kuiga," akasema. "Leteni ngazi."

Mimi ndiye niliyepanda, kwa sababu nilichanganya ile saruji na nilijua ni dhaifu kiasi gani. Siku zile za udongo tulikuwa tumebana mifuko ya saruji ili itoshe, na fundi alijua, na kwa mara ya kwanza jambo hilo lilikuwa na faida. Chini yangu wanawake wanne walitanua kikwembe, kitenge kizima, wakakishika pembe zote nne. Wanaume walisimama nje, uani, mbali kidogo, na imamu akasimama mlangoni hasa, si ndani wala nje, kwa ajili ya heshima ya cheo chake.

Niligonga kuzunguka ya kwanza kwa patasi. Vumbi likaniingia machoni. Sahani ikalegea, ikacheza kidogo kama jino, ikaanguka katika kikwembe. Tukangoja. Kuba halikusema kitu.

Mama aliipindua. "Kitana," akasema. "Ya jirani yangu, Mungu amurehemu. Endelea."

Kila sahani iliyoanguka aliisoma alama kwa sauti, na wanawake wakaitikia jina la mwenyewe, aliye hai au aliyekufa. Nilikuwa nimepiga mduara wa chini wote kabla sijatambua kwamba wanaume uani nao wameanza kuitikia. Ya jicho ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa imeshika kuliko zote. Fundi aliipa saruji nzuri. Nilipoitoa, kipande cha tofali kikaja nayo, kikampita mama begani. Imamu alipiga kelele. Mama hakusogea.

"Alikuwa anakatala kuiachia," akasema, akaipangusa kwa kanga.

Hitima ilisomwa, na mtaa wote ukala: wali, mbuzi, pondu ya majani ya muhogo, na samaki waliotumwa na jamaa zangu wa mtoni. Taabu ilikuwa moja tu. Saruji ilikuwa imegandamana nyuma ya kila sahani kama nundu, na haikutaka kutoka, kwa hiyo hakuna sahani iliyokaa sawa. Mchuzi wote ulikimbilia upande mmoja. Watu walikula wameshika ukingo kwa mkono wa kushoto ili chakula kisihame, wengine walichimba kishimo kwenye mchanga wakaitegesha ndani. Mfanyabiashara wa Butembo, katika suti yake ya Jumapili, alilamba mchuzi kwenye kiganja na kusema kwamba Chine hawakutengeneza sahani hizi kwa ajili ya kujengea, kwa hiyo asilaumiwe. Mzee wa kamati aliomba sahani ya samaki, akapewa, akala nayo imeinama hivyo hivyo mpaka mwisho. Sikumsikia mtu hata mmoja akilalamika.

Watu walipotawanyika niliingia msikitini, nikalala chali kwenye mkeka wa mbele, kwa ruhusa ya imamu. Juu yangu palikuwa na miduara ya mashimo, mingine mizima, mingine imemeguka kando, na lile kubwa la kileleni. Ilikuwa Kilwa kabisa. Yaani ile niliyoiona mimi. Mlinzi alikuwa akiwaambia wageni kwamba wezi waliziiba, wageni wakitikisa kichwa kwa huzuni na kupiga picha za mashimo, na mimi nilikuwa nang'oa jani langu na kuamini, kwa sababu sikuwa na sababu ya kutoamini.

Kabla sijaondoka tena Kisangani, mgeni mmoja aliletwa na mfanyabiashara wa Butembo kuutazama msikiti, mtu wa mji mkuu mwenye simu kubwa. Mama alikuwa anafagia ua. Mgeni alitazama kuba kwa muda mrefu, akatoka, akamwuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za msiba: "Mama, ni nani aliyeiba sahani?"

Mama aliegemea ufagio, akamtazama kama mtu aliyechelewa kula.

"Wezi gani?" akasema. "Tulipata wageni."